Iskandaria au Tunis? Ulinganisho kwa mwenye siku tano na nauli ya mji mmoja

Uliza Iskandaria ulipo ule mnara wa taa uliohesabiwa katika maajabu saba ya dunia, utaonyeshwa ngome. Uliza Tunis ilipo Carthage iliyopigana na Roma, utaonyeshwa kituo cha treni, na baada ya nusu saa hivi utakuwa unakanyaga mawe yake. Anayetaka kuchagua mji mmoja kati ya hii miwili ya Mediterania na aanzie hapo, kabla hajauliza bei ya hoteli. Iskandaria imejengwa juu ya historia yake: mambo ya kale yako chini ya nyumba za watu na chini ya bahari, na kinachokupokea ni mji wenyewe, watu wake, samaki wake na upepo wake. Tunis imekaa kando ya historia yake. Unaufanya mji kuwa kambi, na kila asubuhi unatoka kwenda kuona kitu kimoja kikubwa ambacho bado kimesimama.

Nimelala katika miji yote miwili, na ninailinganisha kwa jicho la mtu wa pwani yetu, aliyezoea vichochoro, adhana inayojibiwa na adhana nyingine, na harufu ya chumvi katika nguo zilizoanikwa. Mtu aliyekulia bara huenda akaipima kwa kipimo kingine, na ana haki.

Cha kuona mjini

Iskandaria iliasisiwa mwaka 331 KK na Aleksanda wa Makedonia. Mnara wake wa taa ulikamilika karibu mwaka 280 KK, na urefu wake ulipita mita 100. Mitetemeko ya ardhi ndiyo iliyoumaliza. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1326 alikuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuingia mlangoni. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1331, alifika Mombasa na Kilwa. Kwa hiyo yule aliyetuandikia habari za Kilwa ndiye pia aliyeushuhudia mnara ule ukielekea kufa, na mimi niliposimama pale sikuweza kulitoa jambo hilo kichwani.

Mwaka 1477 Sultani Qaitbay aliamuru ngome ijengwe palepale penye msingi wa mnara. Ngome hiyo ndiyo unayoingia leo. Anayeijua Fort Jesus ataona undugu: kuta nene, vyumba vya giza, madirisha membamba yanayotazama bahari. Tangu mwaka 1994 wapiga mbizi wamekuta chini ya maji, mbele ya ngome, maelfu ya mawe makubwa yaliyochongwa. Wewe huyaoni. Unaona mawimbi yakipiga, na vijana wamekaa ukutani na nyuzi zao za kuvulia.

Vingine vimetawanyika. Makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa yaligunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni. Shuka ngazi zake taratibu, kwa sababu huko chini kuna kitu sijakiona kwingine: mungu Anubis wa Misri, mwenye kichwa cha mbweha, amechongwa akiwa amevaa sare ya askari wa Kirumi. Mila za Misri, Ugiriki na Roma zimechanganyika humo bila mtu kuona ajabu. Nguzo iitwayo ya Pompey, ambayo kwa kweli ilisimamishwa kwa heshima ya mfalme Diocletian, ni jiwe jekundu la Aswan lenye kimo cha mita 27 hivi. Inatosha nusu saa. Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi yalifungwa mwaka 2005 na kufunguliwa tena mwaka 2023, kwa hiyo mwenye kitabu cha zamani cha wasafiri asikiamini kinaposema imefungwa. Nayo Maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002 karibu na ilipodhaniwa kuwa ile ya kale, ina ukuta wa mawe uliochongwa herufi za maandishi ya dunia nzima, na ukumbi wa kusomea unaoshuka daraja kwa daraja kuelekea baharini. Niliwakuta wanafunzi wamejaa, wanasoma kweli, hawapigi picha. Ningemshauri yeyote asiikose.

Sasa Tunis. Treni inaitwa TGM, yaani Tunis, Goulette, Marsa, na njia yake ilifunguliwa mwaka 1872. Inakatiza juu ya ziwa la maji ya chumvi na kukupitisha vituo vyenye majina kama Carthage Hannibal na Carthage Byrsa, kana kwamba ni majina ya kawaida tu. Mapokeo yanasema mji wa Carthage uliasisiwa mwaka 814 KK na malkia Elissa aliyetoka Tyre. Warumi waliuteketeza mwaka 146 KK, kisha wao wenyewe wakaujenga upya. Tiketi moja ya siku inakuingiza katika sehemu zote za magofu.

Lazima nikuambie ukweli, kwa sababu wengi hurudi wamenuna: Carthage haiko mahali pamoja. Imetapakaa kati ya nyumba za matajiri, na kutoka gofu moja hadi jingine ni mwendo wa jua kali. Hamamu za Antoninus ufukweni ni kubwa ajabu, lakini unachokikanyaga ni ghorofa ya chini tu, walikokuwa wakichochea moto. Kumbi zenyewe zilikuwa juu ya kichwa chako. Bandari ya duara, ambamo mwandishi wa kale Appian alisema zilikaa meli 220 za vita, leo ni bwawa tulivu lenye nyumba pembeni. Usipokwenda na habari kichwani utaona mawe na maji.

Dawa yake ni kuanzia makumbusho ya Bardo, siku moja kabla. Yamo katika jumba la kifalme la zamani, na mkusanyiko wake wa mosaiki, zile picha za vijiwe vya rangi, ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Utaona wavuvi, meli, samaki wa kila aina, wawindaji na chui, mashamba na mavuno. Mtu wa pwani atasimama mbele ya zile za samaki na kuanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina ya kwao: pweza, ngisi, mkunga, kamba. Ukitoka Bardo, Carthage inapata watu ndani yake. Angalia siku tu, maana Jumatatu hufungwa.

Kwa vitu vya kuona vilivyo mjini na viungani, basi, Tunis inashinda, na sababu kubwa ni Bardo.

Ukitoka nje ya mji

Hapa ndipo uamuzi wangu ulipokaa sawa, kwa hiyo nitakawia.

Kutoka Iskandaria, safari nzuri kupita zote ni Rashid, mwendo wa kilomita 65 hivi kuelekea mashariki. Ni mji mdogo wa nyumba za matofali za enzi ya Waosmani, zenye madirisha ya mbao zilizochongwa ili mwanamke aliye ndani aone nje bila kuonekana. Mzaliwa wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba hujengwa hivyo. Na kwa mtu wa Mwanza, Kisumu au Jinja kuna jambo jingine. Pale mto Nile unamalizikia. Panda mashua hadi karibu na mahali maji ya mto yanapokutana na bahari, ukumbuke kwamba sehemu ya maji yale ilitoka Ziwa Victoria, ikapita Uganda, Sudani Kusini, Sudani na Misri nzima. Mengi zaidi hutoka nyanda za Ethiopia, najua, lakini moyo hauhesabu hivyo.

Karibu na Rashid, mwaka 1799, askari wa Kifaransa walikuta jiwe lenye maandishi ya aina tatu ambalo lilisaidia kufumbua maandishi ya Mafarao. Usiende ukitarajia kuliona. Liko London, katika British Museum, tangu mwaka 1802.

Kutoka Tunis, mshindani wa Rashid ni Dougga, kilomita 110 hivi kusini magharibi. Huu ni mji mzima wa Kirumi juu ya kilima cha mizeituni: hekalu la mwaka 166 au 167 ambalo nguzo zake bado zimebeba paa la mbele, ukumbi wa maonyesho ambao bado unaweza kukaa ngazini, barabara zenye mifereji, vyoo vya umma vya mawe. Siku niliyokwenda tulikuwa watu wachache kiasi cha kusikia kengele za kondoo. Chini kidogo kuna kaburi refu la Wanumidia, wenyeji wa nchi hata kabla ya Roma, na nalo lilikuwa na jiwe la maandishi ya lugha mbili, Kifoinike na Kilibya, lililosaidia wataalamu kuyasoma maandishi ya kale ya Waberiberi. Mwaka 1842 balozi wa Uingereza aliyekuwa Tunis, Thomas Reade, alilibomoa kaburi ili kuchukua jiwe hilo. Kaburi lilijengwa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe liko London, jumba lilelile.

Nilipojua hilo niliona uchungu ambao haujanitoka. Miji miwili, mawe mawili yaliyofungua maandishi ya Afrika, na Mwafrika anayetaka kuyaona sharti aombe viza ya Uingereza. Kwenda Rashid na Dougga hakurudishi jiwe, lakini angalau unaijua ardhi lilikotoka, na unakuta wenyeji wanaokuonyesha kwa kidole: lilikuwa hapa.

Dougga inaishinda Rashid kwa ukubwa wa kinachoonekana. Rashid inaishinda Dougga kwa kuwa na watu: unakula, unasali, unanunua tende, unapiga soga.

Zaidi ya hizo, Tunis ina El Jem, kusini, mwendo wa saa tatu hivi kwa treni, wenye uwanja wa michezo ya Kirumi wa karne ya 3 uliochukua watu kama 35,000, umesimama katikati ya mji mdogo kama meli iliyokwama nchi kavu. Ina Kairouan na msikiti wake mkongwe, ina rasi ya Cap Bon, ina fukwe za Hammamet. Iskandaria ina El Alamein, kilomita kama 110 magharibi, penye makaburi ya wanajeshi wa vita vya mwaka 1942. Mwenye babu aliyepelekwa vitani Mashariki ya Kati na jeshi la Mwingereza atapatembelea kwa moyo mwingine. Ina nyumba za watawa wa Kikopti za Wadi Natrun, njiani kwenda Kairo. Na ina Kairo yenyewe, saa mbili na nusu hadi tatu kwa treni, pamoja na mapiramidi. Ukiihesabu Kairo kuwa jirani, mizani inapinduka.

Kukaa, kula, kutembea

Iskandaria ni mji mkubwa, watu zaidi ya milioni tano, mrefu na mwembamba kando ya bahari. Barabara ya ufukweni, kornishi, ndiyo uti wa mgongo wake. Basi dogo la abiria huliita *mashrua*. Unalipungia, unapanda, unapokezana nauli na waliokaa mbele, mambo ambayo mpanda matatu au daladala ana shahada nayo. Jioni familia nzima hutoka kukaa ukutani na mahindi ya kuchoma. Ni furaha isiyo na kiingilio.

Chakula chake kiko karibu na ulimi wetu. Mtaa wa Bahari, upande wa ngome, unachagua samaki kwenye barafu, anapimwa kwa kilo, unasema achomwe au akaangwe. Mwambie akuchomee mkizi kwa pumba za ngano nje, ngozi inakauka na ndani anabaki na maji yake. Kuna wali wa samaki uliogeuka kahawia kwa vitunguu, kuna maini ya kukaanga kwa pilipili na vitunguu saumu ndani ya mkate, na asubuhi kuna ful, maharage yaliyopikwa usiku kucha.

Tunis ni ndogo kuliko hiyo, na moyo wake ni Madina, mji wa kale ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Vichochoro vyake vimepangwa kwa ufundi: wauza manukato karibu na msikiti, washona kofia nyekundu za chechia mtaa wao, wafua shaba wenye kelele mbali zaidi. Milango imepigiwa misumari kwa nakshi, na mtu wa Unguja ataanza kulinganisha papo hapo. Katikati kuna msikiti wa Zaituna, ambao nguzo zake nyingi zilichukuliwa kutoka Carthage. Asiye Mwislamu haingii ukumbi wa sala.

Chakula cha Tunis kina pilipili kweli. Harissa huja na kila kitu, na mchuzi wa dengu uitwao lablabi, unaomiminwa juu ya mkate uliomegwa, ulinitosha asubuhi mbili mfululizo. Sidi Bou Said, kijiji cheupe chenye milango ya buluu juu ya bahari, wanauza bambalouni, ambalo ni andazi la duara lenye tundu, limepakwa sukari. Kijiji hicho kinajaa watalii kuanzia saa nne asubuhi. Fika saa moja na nusu, kabla maduka hayajafunguliwa. Jioni za kiangazi wanauza vishada vya asumini vilivyofungwa kwa uzi, na wanaume huvichomeka sikioni. Dada zetu wa kikuba wangecheka kwa furaha.

Kama unakwenda kuzuru

Kwa Waislamu wa pwani, miji hii imefungamana, na wengi hawajui. Sheikh Abul Hasan al-Shadhili, ambaye twarika yake imeenea Ngazija, Kilwa na Unguja, aliishi Tunis kabla ya kuhamia Iskandaria katika karne ya 13. Tunis kuna zawiya yake kilimani, juu ya makaburi ya Jellaz. Iskandaria yuko mwanafunzi wake, Abul Abbas al-Mursi, chini ya msikiti mkubwa mweupe karibu na mtaa wa Bahari. Na ng'ambo ya uwanja, katika msikiti mdogo zaidi, amelala Imamu al-Busiri.

Ndiye huyo. Aliyetunga Burda tunayoisoma katika maulidi, na Hamziya ambayo Sayyid Aidarus wa Pate aliitia katika Kiswahili. Beti za Burda zimeandikwa kuzunguka kuta za ndani. Nilizisoma nikiwa nimesimama, nikisikia sauti za wazee wa kwetu. Kwa mtu wa namna hii sina haja ya kulinganisha: aende Iskandaria.

Mambo ya safari

Kufika Iskandaria ni rahisi zaidi kwetu, kwa kuwa kuna ndege za moja kwa moja hadi Kairo kutoka miji kadhaa ya Afrika Mashariki, kisha treni. Tunis kwa kawaida utaunganisha Kairo, Istanbul au Doha. Aliye Paris au Brussels ni kinyume: Tunis iko mlangoni kwake, na kuna meli kutoka Marseille, Genoa na Palermo. Masharti ya viza hutofautiana kwa pasi, kwa hiyo uliza ubalozi kabla ya kulipia chochote.

Pauni ya Misri ilishuka sana Machi 2024, na mwenye dola anapata nafuu ya chakula na malazi, ingawa viingilio vya wageni viko juu na maeneo mengi ya serikali hutaka kadi. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutoka nje ya nchi. Badilisha kidogo kidogo na utunze risiti. Tunis Kifaransa kinakufikisha kila mahali, jambo la faraja kwa msomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi. Iskandaria ni Kiarabu, na Kiingereza cha hapa na pale.

Kuna la ngozi, na sitalificha. Februari 2023 matamshi ya Rais Kais Saied juu ya wahamiaji kutoka kusini ya Sahara yalifuatiwa na mashambulizi, watu kufukuzwa majumbani, na lawama kutoka Umoja wa Afrika. Mimi nilitendewa kwa ukarimu Madina, lakini nilisimamishwa mara mbili kuonyesha karatasi, na hilo halikunipata Iskandaria, ambako nilichosikia ni maneno ya vijana mitaani. Tunis tembea na pasi au nakala yake na uthibitisho wa hoteli. Kama unajua kwamba jambo hilo litakuharibia safari nzima, una sababu ya kutosha kuchagua Misri, wala usijione mwoga.

Msimu: Julai na Agosti Iskandaria hujaa Wakairo hadi ufukwe hauonekani, na Tunis huchoma. Desemba hadi Februari Iskandaria hupigwa na dhoruba ambazo wenyeji huziita *nawwa*, kila moja na jina lake katika kalenda ya wavuvi. Kornishi hulowa na mashua hazitoki Rashid. Aprili, Mei na Oktoba panafaa kote kuwili. Dougga iendee Aprili, maua mekundu yanapoota kati ya mawe.

Kwa anayevuka kwenda Mediterania mara ya kwanza, hasa na wazazi au watoto, ningesema Iskandaria, na si kwa kwenda na kurudi siku moja kutoka Kairo kama wanavyouza mawakala. Siku moja utaiona ngome na foleni. Lala usiku tatu karibu na mtaa wa Bahari, siku ya tatu uende Rashid. Aliyekwisha kuona Kairo, anayependa kutembea peke yake kati ya mawe, au anayeishi Ulaya, achukue Tunis: Bardo siku ya kwanza, Carthage na Sidi Bou Said ya pili, Dougga ya tatu, Madina ya nne, El Jem ya tano ukiamka mapema.

Na mwenye siku kumi asichague. Mwaka 1382 mwanahistoria Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alipanda jahazi kwenda Iskandaria na akakaa baharini wiki kadhaa. Leo ni ndege ya Tunis hadi Kairo, kisha treni ya kaskazini. Anzia Tunis, umalizie kwa mkizi.